Safari ya Polepole: Jinsi Uchafu Unavyosafiri Chini ya Ardhi

Mto ukichafuka, kila mtu huona. Maji hubadilika rangi, samaki huelea, na watu huanza kumtafuta aliyeuchafua. Maji ya ardhini yakichafuka, hakuna aonaye. Maji ya kisima huendelea kuwa maangavu na matamu, na huenda yakawa hivyo kwa miaka mingi tangu siku sumu ilipomwagwa. Baadaye, wakati aliyeimwaga amekwisha kuhama au kufariki, na mahali penyewe pameota nyasi, ndipo uchafu unapowasili kisimani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika makala haya tutaeleza jinsi uchafu unavyosafiri ndani ya maji ya ardhini. Tutaufuata hasa utafiti uliofanywa nchini Kanada na Profesa John Cherry wa Chuo Kikuu cha Waterloo pamoja na wenzake kuanzia miaka ya 1970. Kwa kazi hiyo, Profesa Cherry alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2020. Jambo kuu lililothibitishwa na utafiti huo ni kwamba vitu vinavyochafua maji havisafiri vyote kwa mwendo mmoja, na vingi havisafiri kwa mwendo wa maji yenyewe. Asiyelijua hilo aweza kupima maji ya kisima leo, akayaona safi, akadhani kwamba hatari imepita, kumbe haijafika.

Maji hukaa wapi?

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mito na maziwa kama tunayoyaona juu. Mito ya namna hiyo ipo, lakini hupatikana katika miamba ya aina chache tu, hasa ya chokaa. Mahali pengi maji hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje za mchanga na changarawe, au katika nyufa za miamba. Mtu achimbapo kisima, kwanza hukuta udongo ambao nafasi zake zina hewa na unyevunyevu. Akiendelea, hufika kina ambacho nafasi zote zimejaa maji. Mpaka huo huitwa uso wa maji ya ardhini.

Uso huo haukulala sawasawa kama meza. Huinama kidogo kuelekea mtoni, kwenye chemchemi au baharini, na maji hufuata mwinamo huo. Mwendo wake ulielezwa kwa hesabu na Henry Darcy, mhandisi wa Kifaransa, ambaye mwaka 1856 alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya mjini Dijon kwa kupitisha maji katika bomba lililojaa mchanga. Darcy aliona kwamba kiasi cha maji yanayopita hutegemea mambo mawili: ukali wa mteremko wa maji, na wepesi wa mchanga wenyewe kupitisha maji. Wepesi huo tutauita upitishaji. Changarawe ina upitishaji mkubwa, na udongo wa mfinyanzi una upitishaji mdogo mno.

Ili kupata kasi halisi ya maji, hatuna budi kukumbuka kwamba maji hayapiti ndani ya punje, bali katika nafasi zilizo kati yake. Kwa hiyo tunazidisha upitishaji kwa mteremko, kisha tunagawanya kwa sehemu ya mchanga iliyo wazi. Tuchukue mfano wa mchanga wa Borden, ambao tutauzungumzia hivi punde. Upitishaji wake ni karibu mita 6 kwa siku, mteremko wa maji ni karibu mita 4.5 katika kila mita 1,000, na sehemu iliyo wazi ni 0.33. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo atapata kasi ya karibu sentimita 8 kwa siku. Kasi iliyopimwa mahali penyewe ilikuwa karibu sentimita 9 kwa siku, yaani mita 33 hivi kwa mwaka. Konobero angeyapita maji hayo bila taabu.

Jaribio la Borden

Borden ni kambi ya jeshi katika jimbo la Ontario, kaskazini-magharibi ya mji wa Toronto. Tangu mwaka 1940 hadi 1976 takataka za kambi hiyo zilitupwa katika jaa lililokuwa juu ya tabaka la mchanga. Mvua ilipita katika takataka, ikayeyusha vilivyoweza kuyeyuka, ikashuka navyo hadi kwenye maji ya ardhini. Huko ulifanyika mkondo wa maji machafu wenye urefu wa mamia ya mita. Wataalamu huuita wingu la uchafu, kwa kuwa huenea na kurefuka kama moshi utokao jikoni siku ya upepo.

Profesa Cherry na wenzake walilipima wingu hilo kwa makini, lakini walikabiliwa na tatizo moja. Hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kilichotupwa, kwa kiasi gani, wala siku gani. Walikuwa kama mwanafunzi aliyepewa jibu la hesabu bila kupewa swali. Kwa hiyo, wakishirikiana na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, miongoni mwao Paul Roberts, Douglas Mackay na David Freyberg, waliamua kutengeneza wingu lao wenyewe, dogo na lenye kujulikana kila kitu, katika mchanga uo huo.

Tarehe 23 na 24 Agosti 1982 waliingiza ardhini, kupitia visima vidogo 9, lita zipatazo 12,000 za maji yaliyochanganywa na vitu saba. Viwili kati ya hivyo vilikuwa chumvi, yaani kloridi na bromidi. Vitano vilikuwa kemikali za viwandani: kaboni tetrakloridi, bromofomu, tetrakloroethilini, diklorobenzini na heksakloroetheni. Tetrakloroethilini ni kiowevu kinachotumiwa kuondolea mafuta kwenye vyuma na kusafishia nguo katika mashine zisizotumia maji.

Kiasi cha kemikali hizo kilikuwa kidogo sana. Tetrakloroethilini, kwa mfano, ilikuwa karibu mikrogramu 30 katika kila lita. Ukizidisha kwa lita 12,000 utaona kwamba jumla yake ilikuwa gramu 0.36, yaani chini ya nusu gramu. Kulifuatilia tone hilo katika mchanga hakukuwa kazi nyepesi. Watafiti walizamisha ardhini mamia ya vifurushi vya mirija myembamba, kila mrija ukiishia katika kina chake, hata wakawa na takribani sehemu 5,000 za kuchotea maji. Kwa muda wa zaidi ya miaka 2 walirudi mara kwa mara, wakachota maji katika mirija hiyo na kuyapima katika maabara.

Msafara uliotengana

Matokeo yalitangazwa mwaka 1986, nayo hutajwa hadi leo katika mafunzo ya elimu hii. Vitu vyote saba vilianza safari siku moja na mahali pamoja, lakini havikuendelea kuwa pamoja. Kloridi na bromidi zilikwenda sawa na maji. Baada ya siku 647 kitovu cha wingu la kloridi kilikuwa kimesogea karibu mita 60. Kemikali nyingine zilibaki nyuma, kila moja kwa kadiri yake.

Uchelewaji huo hupimwa kwa kulinganisha mwendo wa maji na mwendo wa kemikali. Kipimo cha 2 maana yake ni kwamba maji husafiri mita 2 wakati kemikali imesafiri mita 1. Vipimo vilivyopatikana Borden, mwanzoni mwa jaribio na mwishoni mwake, ni hivi:

Kaboni tetrakloridi: 1.8, kisha 2.5
Bromofomu: 1.9, kisha 2.8
Tetrakloroethilini: 2.7, kisha 5.9
Diklorobenzini: 3.9, kisha 9.0
Heksakloroetheni: 5.1, kisha 7.9

Sababu ya kuchelewa ni kunata. Kila molekuli ya kemikali hizi husafiri na maji kwa muda, kisha hunata kwenye punje ya mchanga, halafu huachia na kusafiri tena. Kemikali isiyopenda maji hunata zaidi, kwa hiyo huchelewa zaidi. Chumvi kama kloridi haina sababu ya kunata kwenye mchanga wa namna hiyo, ndiyo maana haikuchelewa.

Msomaji mwangalifu atauliza kwa nini vipimo viliongezeka kadiri siku zilivyopita. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika maabara ulionyesha kwamba punje za mchanga wenyewe zina vitundu vidogo vidogo ndani yake. Kemikali huingia humo polepole mno, na hutoka polepole vilevile. Hivyo mchanga uliendelea kumeza kemikali muda mrefu baada ya kukutana nazo kwa mara ya kwanza.

Watafiti walipima pia kiasi kilichobaki. Bromofomu, diklorobenzini na heksakloroetheni zilipungua kadiri muda ulivyopita. Kaboni tetrakloridi na tetrakloroethilini hazikuonyesha dalili ya kupungua. Kwa hiyo hatuwezi kutegemea kwamba ardhi itaimaliza kila sumu kwa nguvu zake yenyewe.

Umbo la wingu

Fundisho jingine lilihusu umbo la wingu. Mtu angetazamia kwamba uchafu ungeenea pande zote, kama tone la wino katika glasi ya maji. Haikuwa hivyo. Wingu lilirefuka sana kuelekea maji yalikokwenda, lakini halikupanuka sana kwa upande, na liliongezeka kidogo tu kwenda juu na chini.

Ili kupata sababu, Edward Sudicky wa Waterloo alitoa nguzo za mchanga kutoka ardhini, akazikata vipande vya urefu wa sentimita 5, na kupima upitishaji mara 1,279. Mchanga ulioonekana kwa macho kuwa ni wa namna moja ulikuwa na matabaka membamba yaliyotofautiana upitishaji kwa zaidi ya mara 10. Katika tabaka jepesi uchafu hukimbia, na katika tabaka zito husuasua. Hiyo ndiyo sababu wingu hurefuka.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa wenye kulinda maji. Wingu jembamba laweza kupita kati ya visima viwili vya upimaji bila kugusa hata kimoja. Vilevile kisima kirefu chaweza kuchota maji chini ya wingu na kuonekana safi, ilhali sumu inapita mita chache juu ya mdomo wa bomba lake.

Hesabu ya miaka

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme kiwanda kimemwaga tetrakloroethilini mahali palipo mita 300 kutoka kisima cha kijiji, na kwamba mchanga wa hapo ni kama wa Borden. Maji yenyewe, kwa sentimita 9 kwa siku, yatafika baada ya miaka 9 hivi. Tetrakloroethilini, kwa kipimo cha uchelewaji cha 5.9, itafika baada ya miaka ipatayo 54. Watoto wanaocheza kisimani siku ya kumwagwa watakuwa na wajukuu siku sumu itakapowasili. Katika muda wote huo kila kipimo cha maji ya kisima kitasema kwamba maji ni salama, na kila kipimo kitakuwa kimesema kweli kwa siku yake.

Kiasi kidogo pia chatosha kuleta madhara. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5 za tetrakloroethilini katika lita moja ya maji ya kunywa. Lita moja ya kiowevu hicho ina uzito wa gramu zipatazo 1,620. Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba lita hiyo moja ikiyeyuka yote yaweza kufikisha lita zaidi ya milioni 300 za maji kwenye kikomo hicho.

Kusafisha ni kazi ngumu

Katika miaka ya 1980 ilidhaniwa kwamba maji ya ardhini yaliyochafuka yangeweza kusafishwa kwa kuyavuta kwa pampu na kuyachuja. Mwaka 1989 Douglas Mackay na John Cherry waliandika makala iliyoonya kwamba njia hiyo, ijapokuwa hulizuia wingu lisiendelee mbele, haiwezi kwa kawaida kuirudisha ardhi katika usafi wake wa awali kwa muda mfupi.

Sababu zake tumekwisha kuziona. Kemikali iliyonata kwenye punje huachia polepole kuliko pampu inavyovuta. Tena viowevu kama tetrakloroethilini ni vizito kuliko maji, navyo huzama chini ya uso wa maji hadi vikutane na tabaka la mfinyanzi. Hapo hukaa kama madimbwi, vikiyeyuka kidogo kidogo, na sehemu yake hupenya katika mfinyanzi wenyewe. Pampu ikizimwa, maji huchafuka tena.

Utafiti wa Borden ulileta pia njia mpya. Mwaka 1991 Robert Gillham na Stephanie O'Hannesin walijenga huko, chini ya ardhi, ukuta wenye unene wa mita 1.5 uliotengenezwa kwa mchanga uliochanganywa na asilimia 22 ya chembe za chuma. Maji yalipita katika ukuta huo kwa mwendo wake wa kawaida, bila pampu. Chuma kilipokuwa kikipata kutu kilizivunja kemikali zenye klorini, na takribani asilimia 86 ya tetrakloroethilini iliondoka. Tangu hapo kuta za namna hiyo zimejengwa katika nchi kadhaa. Hata hivyo gharama yake ni kubwa, wala haziondoi chanzo cha uchafu.

Funzo kwa visima vyetu

Sheria hizi hazikomei Kanada. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi hunywa maji ya visima, na aghalabu vyoo vya shimo huwa karibu. Choo hutoa uchafu wa namna mbili unaosafiri kwa tabia mbalimbali. Vijidudu vya maradhi huchujwa na mchanga, na vingi hufa njiani. Kwa hiyo katika mchanga mwembamba havifiki mbali. Nitrati, itokanayo na mkojo na kinyesi, hufanana na kloridi ya Borden. Hainati, na husafiri sawa na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita ya maji ya kunywa, kwa sababu ikizidi yaweza kuipunguzia damu ya mtoto mchanga uwezo wa kubeba oksijeni.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu tusichukue tarakimu za Borden na kuzitumia kila mahali. Mchanga wa Borden huchuja maji polepole. Katika miamba ya matumbawe ya pwani, kama ile ya Mombasa na Unguja, maji hupita katika nyufa na mashimo, kwa mwendo wa kasi zaidi na bila kuchujwa vya kutosha. Huko hata vijidudu vyaweza kufika kisimani vikiwa hai. Ndiyo maana haifai kutaja hatua kadhaa kati ya choo na kisima na kuziita salama kwa nchi nzima. Kwanza hapana budi kuujua mwamba, kina cha uso wa maji, na upande maji yanakoelekea.

Jaribio la darasani

Walimu wa kemia na jiografia waweza kuwaonyesha wanafunzi msafara uliotengana kwa vifaa vichache. Kata kitako cha chupa ya plastiki, igeuze mdomo chini, na uzibe mdomo kwa pamba. Jaza mchanga uliooshwa vizuri, uliochanganywa na udongo kidogo. Pitisha maji ya mvua au maji yaliyotoneshwa mpaka maji yatokayo, yakitiwa matone ya nitrati ya fedha, yasionyeshe weupe wowote.

Kisha mimina juu yake maji machache yenye chumvi ya kawaida na rangi ya buluu ya methilini. Endelea kumimina maji safi polepole, huku ukikinga matone katika mirija ya maabara iliyopewa namba. Chunguza kila mrija kwa nitrati ya fedha. Kloridi huonekana mapema kwa kufanya mashapo meupe, wakati maji bado hayana rangi. Buluu hubaki imenata katika mchanga. Wanafunzi waulizwe: kama mngetazama rangi peke yake, mngesema maji haya yamechafuka au la? Nitrati ya fedha huacha madoa kwenye ngozi, kwa hiyo mwalimu ahakikishe kwamba inashikwa kwa uangalifu.

Kazi ya pili ni ya nje. Darasa lichore ramani ya mtaa au kijiji, likionyesha visima, vyoo, majaa, vituo vya petroli, makaburi na karakana, pamoja na mwinamo wa ardhi. Wazee waulizwe mahali palipokuwa na majaa ya zamani na karakana zilizofungwa, na miaka iandikwe. Ramani hiyo itunzwe shuleni, na kila kidato kinachokuja kiongeze yaliyobadilika. Watafiti wa Borden walishindwa kulielewa kikamilifu jaa la kambi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika kilichotupwa humo wala siku kilipotupwa. Atakayepima kisima cha kijiji miaka 50 ijayo atahitaji kujua yaliyomwagwa leo, na ramani ya shule yaweza kumpa habari hiyo.